Nilivyokwenda Embakasi Kumchungulia Mchumba

Majimbo, kabla ya kutoka

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: je, Njeru akishuka kwenye ndege nami nikakuta simpendi tena, nitamwambia nani?

Ninyi mlionisimamisha sokoni Embu kuniuliza mambo yalikwendaje mnajua sehemu ya habari hii, na sehemu mnayoijua ndiyo iliyotiwa chumvi. Kwa hiyo naandika yote mara moja, nisije nikairudia kwenye kila kikombe cha chai.

Njeru alikuwa mwalimu wa muda katika shule iliyo karibu na kwetu Kanyakine, Meru, kabla hajapata nafasi ya kwenda India kusomea famasia. Alikaa huko miaka minne. Tuliandikiana. Mwanzoni barua zake zilikuwa ndefu na za mapenzi, baadaye zikawa ndefu na za ng'ombe, treni na pilipili. Mtu akikaa mbali sana maneno ya mapenzi humwishia, lakini ng'ombe hawaishi. Mimi nami nikamaliza chuo kikuu, nikapata kazi ya kufundisha hapa Embu, nikapanga chumba Majimbo. Kisha ikaja barua fupi: angefika Alhamisi, na Jumamosi watu wa kwao Siakago wangepanda mlima kuja kwetu kubisha hodi.

Mnajua hodi hiyo ilivyo. Wazee wa pande mbili hukaa, hula, huzungumza juu ya mvua kana kwamba mvua ndiyo iliyowakutanisha. Halafu msichana huitwa. Wageni huwa wamekuja na asali. Zamani ilikuwa pombe ya asali, lakini kwetu ni nyumba ya watu wa kanisa, kwa hiyo asali huchanganywa na maji tu. Baba humuuliza binti yake mbele ya watu wote kama asali hiyo inywewe au isinywewe. Akinywa yeye kwanza, wote hunywa, na maneno yameanza. Akikataa, wageni hubeba mtungi wao na kurudi walikotoka. Hakuna jibu la tatu.

Mimi ni mtu wa jibu la tatu. Nikiulizwa chai ya maziwa au ya rangi, huuliza kwanza maziwa yalichemshwa lini. Sasa nilitakiwa nimwone mtu Jumamosi baada ya miaka minne, na nimjibu hapo hapo huku wazee wakinitazama mdomoni.

Nikakata shauri kwenda uwanja wa ndege kimya kimya. Ningesimama nyuma ya kitu, nimtazame akitoka, nijue moyo wangu unasema nini, kisha nirudi Embu kabla mtu hajanikosa. Siri ilikuwa ya lazima. Msichana anayemkimbilia mwanamume kabla hajaulizwa, kwetu husemwa kuwa amejifunga mwenyewe kama mzigo wa ndizi na kujipeleka barabarani. Nikaazima miwani myeusi kwa jirani yangu, nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka.

Embu hadi Nairobi, na jino langu

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa lile la kwanza. Mzee aliyekaa karibu nami basini, mwenye kofia ya sufu na koti la mvua, alinisalimia vizuri akaniuliza nakwenda wapi. Si swali la uchokozi. Huku kwetu kutomjibu mzee ndio uchokozi. Nikasema nakwenda kwa daktari wa meno.

Akataka kujua jino lipi. Nikasema la chini. Upande upi? Nikachagua wa kushoto. Linauma likiguswa na maji baridi au ya moto? Hapo nikagundua kuwa uongo ni kama kuku wa kienyeji, ukimfungua mmoja itabidi uwakimbize wote. Nikasema yote mawili.

"Hiyo imeingia kwa mzizi," akasema kwa huzuni, akaingiza mkono ndani ya koti akatoa karafuu. "Weka hapo. Funga mdomo. Usiongee mpaka Nairobi."

Shauri hilo lilinifaa kuliko alivyojua. Tulipofika Kimbimbi dereva alisimamisha basi akashuka kumnunulia mkewe mchele. Akanusa gunia la kwanza, akanusa la pili, akatafuna punje mbichi huku akitazama juu kama mtu anayesikiliza redio, na abiria wa mbele wakamshauri kupitia dirishani. Mmoja alishuka kabisa akaenda kutafuna pamoja naye. Sisi wengine tulikaa. Mzee wangu alitumia nafasi hiyo kunisimulia meno yote aliyoyang'oa maishani, yake na ya ndugu zake, na moja la ng'ombe.

Mchele ukapatikana, tukaondoka. Makutano tulisimama tena kwa sababu aliyeshuka kutafuna alikuwa ameacha kofia yake Kimbimbi na alitaka kuwaelezea watu wa basi lililokuwa likienda kule. Nilikaa nikihesabu kichwani: ndege imetua, Njeru ametoka, amepokewa, ameondoka, amekwishazeeka. Tulipofika Thika, jino langu la chini upande wa kushoto lilikuwa linauma kweli.

Tulipoagana Nairobi mzee alinipa karafuu nyingine kiganja kizima. Akaniambia nisiitoe iliyo mdomoni hata daktari akiniomba.

Namba 34

Kwenda uwanja wa ndege wa Embakasi ni basi la jiji, namba 34. Nilidhani ningewakuta humo watu wa masanduku na suti. Kumbe ni basi la watu wanaokwenda kazini: wanawake wa kufagia, vijana wa kubeba mizigo, mama mmoja mwenye ndoo ya chapati iliyofunikwa kitambaa. Mimi tu ndiye niliyefanana na mtu anayetoroka polisi.

Kondakta alinitazama miwani, akatazama kitambaa, akatazama mkoba wangu mdogo.

"Sista, unasafiri ama unasindikiza?"

Nikatikisa kichwa. Sikuwa nasafiri wala kusindikiza, na karafuu ilikuwa mdomoni.

"Basi wewe ni wale wa kwenda kulia. Kaa pande ya dirisha."

Akaniachia kiti kwa heshima. Baadaye niliona ana uzoefu, kwani kila mara alipopita alinigusa bega akaniambia ndege hurudi.

Kwenye barabara ya Mombasa lori la saruji lilikuwa limelala upande, na magari yote yakalala nyuma yake. Mama wa chapati akaona hakuna haja ya kuzifikisha mbali, akafunua ndoo, akatuuzia pale pale. Nilitaka sana moja. Lakini nilijiuliza: je, nikimkuta Njeru nikiwa na mafuta mkononi? Nikajijibu kwamba Njeru hatakiwi kuniona, kwa hiyo mafuta si kitu. Nikajiuliza tena: kama mafuta si kitu, kwa nini nimevaa nguo yangu ya Jumapili? Nilipomaliza kubishana nafsini, ndoo ilikuwa tupu.

Nilipofika uwanjani nilikimbia kama mwizi, na ubao ukasema ndege ya kutoka Bombay bado haijatua. Nilikuwa nimechelewa kufika mahali ambapo hakuna kilichofika.

Nyuma ya nguzo

Mahali pa kupokelea wageni palikuwa na nguzo nzuri, nene, nikasimama nyuma yake. Haikupita muda, watu waliovaa majoho ya bluu wakaja wakapanga mstari mbele yangu. Ilikuwa kwaya. Walikuwa wamekuja kumpokea mchungaji wao. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, alinikuta nyuma ya nguzo akaniuliza kwa nini sijavaa joho. Kabla sijatoa karafuu nimjibu, alinishika mkono akaniweka katika safu ya alto, akisema atalizungumza jambo hilo na mimi kanisani.

Nilifikiri: kutoka hapa ni kuonekana, kubaki hapa ni kujificha. Nikabaki.

Mlango ukafunguliwa. Wakatoka Wahindi wazee na mikokoteni yao, akatoka mtawa mmoja, kisha akatoka Njeru. Nyuma yake kabisa alikuwa mchungaji, na kwaya nzima ikalipuka kwa wimbo.

Njeru alisimama. Alikuwa amekonda, ana masharubu, amevaa koti lililompita mabega, anasukuma boksi kubwa lililofungwa kamba. Akaitazama kwaya, uso ukamfunguka wote, akainua mkono akatupungia. Alidhani ni yake. Akapunga mpaka mchungaji alipompita na maua yakavishwa mchungaji, ndipo mkono wake ukashuka polepole, ukajifanya unakuna shingo. Akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu wa kwao hata mmoja. Akasukuma boksi lake kando, akalikalia.

Hiyo ndiyo nafasi niliyoifuata toka Embu. Nilimtazama vizuri, bila kuonwa, kama nilivyopanga. Na ukweli ni kwamba sikuona jibu lolote. Niliona mtu mwenye masharubu amekaa juu ya boksi.

Kwaya ikaondoka na mchungaji wake, na mimi, niliyekuwa katikati ya safu, nikaachwa peke yangu kama jino lililobaki. Njeru akainua macho.

"Kendi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umeingia kwaya?"

Nilikuwa nimetunga sentensi nzuri kwa ajili ya siku hiyo, ikiwa ingetokea tukutane. Nilipofungua mdomo niitoe, ikatoka karafuu.

Tulizungumza kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya benki. Akaniuliza safari yangu, nikamuuliza yake. Akasema Nairobi ina baridi. Nikasema ni kweli, hasa asubuhi. Kila nilipomtazama alikuwa akinitazama, na kila tulipotazamana tulitazama boksi. Nilijua kuwa Jumamosi ingefika, baba angeuliza, na ningekuwa sina cha kujibu zaidi ya habari za baridi.

Shangazi Marigu

Ndipo ikasikika sauti kutoka mlangoni, ya mwanamke anayewaambia walinzi kwamba amechoka kuonyeshwa ndege zisizo zake.

Huyo alikuwa Shangazi Marigu, dada ya babake Njeru, na nyuma yake akaja babake mwenyewe, Mzee Ireri, ambaye siku hiyo nzima sikumsikia akisema zaidi ya maneno ya kutosha kiganja. Walikuwa wametoka Siakago alfajiri, na walipofika Embu wakaambiwa kwamba hakuna kinachofika uwanja wa ndege upesi kama pikapu za miraa kutoka Meru. Jambo hilo ni kweli kabisa. Walipanda moja, ikaruka nao mpaka Nairobi kabla jua halijakomaa. Ila miraa haipakiwi Embakasi. Miraa hupakiwa Wilson, kwenye uwanja mdogo wa upande wa pili wa mji, na huko ndiko dereva alikowashusha, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kuona uwanja mwingine wala kuuhitaji. Walikuwa wa kwanza kufika, wakakaa wakiitazama mirundo ya miraa ikipakiwa kwenda Somalia, na kila ndege ndogo iliposhuka Shangazi alisimama akajiweka sawa leso. Mlinzi mmoja ndiye aliyemwuliza kwa upole mtoto wake anatoka Somalia sehemu gani.

Shangazi alimkumbatia Njeru, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamsukuma nyuma amtazame, akamlaumu kwa kukonda. Kisha akaniona mimi karibu na boksi.

"Na wewe, mwanangu? Hakuna hata mtu mmoja wa kwenu amekuja kukupokea?"

Nikamtazama Njeru, naye akanitazama. Alijua vizuri kuliko mimi jinsi ambavyo habari ingesemwa Siakago: msichana tunayekwenda kumwomba alikutwa uwanjani anatungoja.

"Ametoka mbali," akasema Njeru, na hilo halikuwa uongo.

"Naona. Na uso umechoka. Unaenda wapi?"

"Embu," nikasema. "Majimbo."

"Basi umepata watu." Akachukua mkoba wangu mkononi mwangu, akaupima uzito, akamgeukia Njeru. "Ona mwenzako alivyorudi na kitu kidogo. Hiyo ndiyo akili. Wewe umebeba nyumba."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kutoka India.

India yote, Nairobi hadi Mwea

Katika basi la Embu Shangazi alikaa nami. Njeru na babake walikaa kiti cha mbele yetu, boksi likiwa juu ya basi, na Mzee Ireri akitoa kichwa dirishani kila tulipopinda kuhakikisha bado lipo. Nilimjibu Shangazi kwa Kiswahili tupu, kwa kuwa neno moja tu la Kimeru lingenifichua. Aliniambia polepole nisijali, lugha ya nyumbani itanirudia nikishakula chakula cha nyumbani.

Akafungua kikapu. Kulikuwa na kuku wa kuchemsha, ndengu zilizokaangwa na vitunguu, na uji wa mtama ndani ya kibuyu. Kilikuwa chakula cha kumpokea Njeru, na paja la kwanza nilipewa mimi, kwa sababu yeye alikuwa na watu na mimi sikuwa nao. Niliunusa uji kidogo kabla ya kunywa, kwa mazoea. Shangazi akaona.

Halafu maswali yakaanza. Je, ni kweli huko ng'ombe hupita barabarani na gari likangoja?

Nilisema ni kweli. Nikasema kuna ng'ombe mmoja mweupe aliyelala kila asubuhi mlangoni mwa posta, na watu wakamruka na vifurushi vyao. Na treni? Nikasema treni zina watu juu ya paa, na chai huuzwa katika vikombe vya udongo ambavyo ukimaliza unavivunja. Shangazi akasikitikia vikombe. Je, wanakula ugali? Nikasema hawali, lakini mwenzetu mmoja alisaga mahindi akaupika, na jirani akaja kuomba kidogo abandikie matangazo ukutani.

Mabega ya Njeru yalitikisika.

Sikuwa nikitunga. Wala sikuwa najua kwamba nayajua yote hayo. Nilizisoma barua zile kila moja ilipokuja, nikaona zimejaa ng'ombe, nikaziweka. Sasa kila Shangazi alipouliza, jibu lilikuja na maneno yake yote, mahali pake, na hata na hali ya hewa.

"Na nyumbani hukukumbuka?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kuna jioni moja mvua ya kwanza ilinyesha baada ya joto la miezi. "Nilipanda juu ya paa la nyumba," nikasema, "kwa sababu udongo ulinuka kama huku kwetu mvua ikianza. Nilikaa huko mpaka nikalowa. Mwenye nyumba alidhani nimepatwa na wazimu."

Njeru hakugeuka. Lakini aliacha kutafuna, na kipande cha kuku kikabaki mkononi mwake mpaka tukapita mto.

Shangazi akanimiminia uji tena. Kisha, kwa kuwa sasa nilikuwa mtu wake, akaanza kunieleza ya kwao.

"Jumamosi tunaenda Meru, kumwombea huyu kijana msichana. Amesoma. Wanasema amesoma mpaka akapitiliza."

Nikasema kusoma si vibaya.

"Si vibaya. Lakini mtu wa namna hiyo ukimpa uji anauliza mtama ulipandwa lini. Sasa wewe fikiria, tumetoka huko chini kwetu kwenye jua, tumepanda mlima na asali yetu, watu wa Meru wamejaa uwanja mzima wanatuangalia. Msichana anaitwa. Anaulizwa. Halafu anakaa hapo anafikiria." Akaniwekea mkono gotini. "Kubeba mtungi kuurudisha si kitu. Tumeshabeba vizito. Lakini kaka yangu ana kijana huyu mmoja, na kijana amekaa miaka minne na picha moja ya mtu. Akirudishwa mbele ya watu, mimi sitajua nimwambie nini."

Mpaka hapo, katika usiku wote niliokosa usingizi, sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba upande wa pili kuna mtu anayeogopa. Niliyafikiria masharubu ambayo sikuwa nimeyaona, nikafikiria joto la Siakago, nikafikiria hata jina la mtoto wa nne. Hilo sikulifikiria.

Shangazi akainama mbele, akampiga Njeru begani.

"Wewe. Msichana akikaa kimya Jumamosi, tufanye nini?"

Babake akarudisha kichwa ndani kusikiliza.

"Mumngoje," akasema Njeru. "Hata mimi niliogopa leo. Nilishuka kwenye ndege nikaona simjui mtu huyo tena. Najua jina na picha. Na kwa miaka minne nilikuwa nikiandika, nisijue kama barua zinafika au zinaanguka baharini."

"Na sasa?"

"Sasa najua zilikuwa zinafika."

"Umejulia wapi, ndani ya basi?" akauliza Shangazi. "Na barua na msichana vinaingiana wapi?" Akanigeukia mimi nishuhudie jinsi India ilivyowaharibu vijana. Nilikuwa nimeshika kibuyu kwa mikono yote miwili, nikitazama mashamba ya mpunga ya Mwea kana kwamba yana mtihani wangu.

Stendi ya Embu

Tulifika Embu jua likielekea kulala. Boksi likashushwa, kamba zikakaguliwa. Wao walikuwa na gari jingine la kutafuta kwenda Siakago, mimi nilikuwa na mwendo mfupi wa miguu mpaka Majimbo. Nilikuwa nimepona kabisa. Ningesema asante, ningeondoka, na hakuna mtu angejua.

Shangazi akanishika mkono.

"Sikia. Jumamosi twende pamoja Meru. Wewe umetembea, unajua kuongea, na watu wa kule wanaheshimu mtu aliyesoma. Ukae karibu nami. Huyo msichana akianza kufikiria, umwongeleshe kidogo."

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Naweza kuugua. Naweza kusema nina mtihani wa kusahihisha. Naweza kwenda Kiirua kwa dada yangu nikae huko mpaka watu wote wafe. Naweza kukubali, halafu nisitokee, na Jumamosi atakaponiona nikitolewa ndani ya nyumba ya baba, aamue mwenyewe kama nimefanana na mtu. Njeru alikuwa amesimama kando akifunga fundo ambalo lilikuwa limekwishafungwa. Hakunisaidia, na nikashukuru kwamba hakunisaidia.

"Shangazi," nikasema, "siwezi kuja nanyi Jumamosi. Mimi ndiye mnayekuja kumwomba."

Alinitazama. Akautazama mkoba wangu mdogo. Akamtazama Njeru, ambaye alikuwa amehamia fundo lingine.

"Na India?"

"Sijawahi kufika."

"Na ng'ombe wa posta?"

"Yupo. Njeru aliniandikia."

"Na kule kwa paa, kwa mvua?"

"Alikuwa yeye."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimepanga nitakavyoomba radhi. Lakini alikaa juu ya boksi, akaanza kucheka bila sauti, leso mdomoni, mpaka Mzee Ireri akainama kuona kama ni mgonjwa.

"Kwa hiyo yote niliyosema umesikia," akasema alipopata pumzi.

"Nimesikia, Shangazi."

"Vizuri. Basi Jumamosi sitarudia." Akasimama, akajikung'uta. "Na leo hatujaonana. Mimi nimeonana na msichana wa kutoka India, akaenda zake."

Mzee Ireri akanipa mkono. "Uji ulikuwa wa mtama wa mwaka huu," akaniambia.

Kanyakine

Jumamosi walikuja, wakala, wakazungumza juu ya mvua. Nilipoitwa, Shangazi Marigu alinitazama toka juu hadi chini kwa macho ya mtu asiyewahi kuniona. Akamwuliza mama yangu kwa sauti ya adabu kama huyu ndiye, na kama amewahi kusafiri mbali.

"Nairobi tu," nikasema.

"Nairobi ni mbali," akasema, na uso wake haukutikisika hata kidogo. Njeru alikuwa anasoma viatu vyake. Masharubu alikuwa ameyanyoa. Sikuwa nimemwambia ayanyoe, na nilihuzunika kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuyazoea.

Mtungi ukaletwa, kikombe kikajazwa, nikapewa. Baba yangu akasimama. Yeye ni mzee wa kanisa, na swali hilo alikuwa amelitayarisha. Alianza na shukrani kwa wageni, akaingia katika safari yao ndefu, akaitaja Embu na Meru na daraja lililo katikati. Mama alinitazama kwa hofu, maana ananijua, na alijua kadiri swali linavyorefuka ndivyo ninavyopata nafasi ya kuligeuza. Wazee wakanitazama. Nilijitafuta ndani kama kuna lolote lililobaki la kupima, nikakuta mtu aliyekalia boksi lake uwanjani na mkono uliojifanya unakuna shingo.

Baba alikuwa bado kwenye daraja. Nikanywa.

Baba akageuka, akaona kikombe kitupu, akatazama wazee wenzake. Wakashauriana kwa sauti ya chini. Kisha akanieleza, kwa upole lakini mbele ya watu wote, kwamba swali halikuwa limeulizwa, na jibu haliwezi kutangulia. Kwa hiyo kikombe kingejazwa tena, naye angeanza upya.

Wakakijaza. Akaanza upya, toka kwenye shukrani. Nikasimama nikasikiliza mpaka neno la mwisho, kisha nikanywa mara ya pili.